Darasa la 1989 na daftari la mwenzetu

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mtu wa ng'ambo hii ya Likoni, tuseme Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni au hata kule Vanga, na ulisoma sekondari katika miaka ya themanini, basi mengi ya haya nitakayosimulia utayajua kabla sijayamaliza. Nivumilie tu. Wengine wameanza kutusahau, nasi wenyewe tumeanza kujisahau.

Kilichonifanya nishike kalamu ni neno la binti yangu, kitinda mimba. Yeye alifanya KCPE mwaka wa 2023, ambao ndio mwaka wa mwisho wa mtihani huo, akaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Kwa mpango ulivyo, darasa lake ndilo litakalofanya KCSE ya mwisho mwaka wa 2027, na hapo mlango wa 8-4-4 utiwe komeo. Jioni moja, tukingoja adhana ya Isha, akaniuliza, "Baba, na walioufungua mlango huo ni kina nani?"

Nikamwambia, ni sisi. Akacheka. Hakuamini mpaka nilipomtolea cheti changu cha mwaka wa 1989, kile kilichokuwa kimekunjwa ndani ya msahafu wa marehemu mama yangu.

Vijana wengi hawakijui kisa chake. Mwaka wa 1981 kamati iliyoongozwa na Mkanada mmoja, Colin Mackay, ilikalishwa kutazama habari ya chuo kikuu cha pili. Ilitoka na chuo hicho, ambacho ndicho Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa 1984, na ikatoka pia na mpango mpya wa masomo: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Januari 1985 mpango ukaanza. Sisi tuliokuwa darasa la saba mwaka wa 1984 tulijua tunakwenda sekondari; tukaambiwa bado, kaeni, kuna darasa la nane. Darasa lenyewe halikuwa na chumba. Wazazi wakaitwa harambee, huyu akaleta boriti, yule akaleta fungu la makuti, mwenye nacho kidogo akaleta bati, na sisi huku tukisomea chini ya mwembe. Bati la mwisho lilipigiliwa tumebakisha miezi miwili tufanye mtihani.

KIDATO KISICHOKUWAPO

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya waliosoma wakati huo wamelisahau. Kwa kuwa hakuna aliyetoka shule ya msingi mwisho wa 1984, mwaka wa 1985 hapakuwa na kidato cha kwanza. Kwa hivyo tulipopanda Kwale mwanzo wa 1986 na masanduku yetu ya bati vichwani, tulikuta kidato cha tatu na cha nne, lakini cha pili hakipo. Chumba chake kipo, madawati yapo, watu hawapo. Nasikia wenzetu wa shule nyingine wakisema hiyo ilikuwa rehema, maana kidato cha pili ndicho kilichokuwa kikiwatesa wageni. Sisi tuliteswa na kidato cha tatu, kwa hivyo rehema hiyo sikuiona.

Wale wa mwisho wa KCE walifanya mtihani wao 1987 wakaenda zao. Mwaka wa 1988 hapakuwa na kidato cha nne nchi nzima. Sisi wa kidato cha tatu tukawa ndio wazee wa shule, viranja ni sisi, nahodha wa timu ni sisi, na mwenye kugawa nyama jikoni siku ya Ijumaa ni sisi. Hapana shaka tulijiona.

Shule yenyewe sitaitaja jina. Ilikuwa ya wavulana, ya bweni, juu mlimani Kwale, mahali ambapo asubuhi ukungu wa msitu wa Shimba huteremka hadi mlangoni na mtoto wa pwani akajua baridi kwa mara ya kwanza. Kutoka uwanja wa mpira ungeweza kuiona bahari ya Tiwi kwa mbali, nyembamba kama uzi. Mabomba yalikauka mara kwa mara, nasi tukashuka mabondeni na ndoo. Nilipoingia sikujua kubeba ndoo kichwani bila kushika. Nilipotoka niliweza kubeba mbili, moja kichwani na moja mkononi, huku nikisoma maandishi ya biolojia.

Tuliingia 38. Wengi tulikuwa Wadigo, tena wa vijiji vya pwani. Walikuwapo Waduruma wa Kinango, Wakamba wa Shimba Hills, na Washirazi wawili wa upande wa Funzi. Wakristo walikuwa saba. Ramadhani ya kwanza tuliyofunga shuleni ilianza Mei 1986, katikati ya masika. Mpishi wetu, mzee wa Golini, Mungu amrehemu, aliamka saa tisa za usiku akatupikia uji na kutupashia moto wari wa jana, na hakuna aliyemlipa kwa kazi hiyo. Ilikuwa pia wakati wa Kombe la Dunia kule Mexico. Yule mzee alikuwa na redio. Morocco ilipotoka sare na Uingereza bila kwa bila tarehe 6 Juni, siku chache kabla ya Idi, Wakristo wote saba walikuwa jikoni pamoja nasi, nao hawakuja kwa ajili ya uji. Morocco ikaja ikawa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka duru ya kwanza, na kwa muda wa wiki nzima bweni letu likaitwa Casablanca.

Masomo yalikuwa 10 ya mtihani. Vitabu vya mpango mpya vilikuwa haba: mara nyingi mwalimu alikuwa na kimoja, sisi tukawa na chaki. Ilitubidi kunakili. Na hapo ndipo anapoingia mtu ambaye makala haya ni yake.

MWENYE DAFTARI

Alitoka kijiji cha wavuvi upande wa kusini wa Msambweni. Baba yake alivua, na samaki wake wengi aliwauzia wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Ramisi. Kijana mwenyewe alikuwa mfupi, mkimya, na hati yake ilikuwa kama iliyopigwa chapa. Katika hesabu hakuna aliyemkaribia. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na ndani yake alinakili kila kilichoandikwa ubaoni; kisha kando, kwa wino mwekundu, akaandika njia yake mwenyewe ya kufikia jibu, ambayo mara nyingi ilikuwa fupi kuliko ya mwalimu. Mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa bara aliyejifunza Chidigo mpaka akawa anatania nacho, alikuwa akiliazima daftari hilo. Nasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Mwaka wa 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi kikasimama. Wakataji miwa wakatawanyika, na mwenye kuwauzia samaki akabaki na samaki wake. Oktoba, siku ya Ijumaa, mwenzetu akaitwa ofisini. Deni lake la karo lilikuwa shilingi 860. Akarudi bwenini, akatia nguo mbili katika mfuko, sanduku akaliacha. Akanijia mimi, kwa kuwa vitanda vyetu vilipakana, akanipa daftari.

"Nitunzie. Nitarudi Jumatatu."

Sasa nifike mahali pagumu. Darasa letu lilikuwa na shamba la muhogo na njugu, katika ule utaratibu wa 8-4-4 wa kufundishwa kazi za mikono. Tulikuwa tumeuza mavuno, tukapata fedha, na fedha hizo tulikuwa tumeziwekea safari ya Malindi na magofu ya Gede. Mweka hazina nilikuwa mimi. Ilipopita wiki moja bila mwenzetu kurudi, mmoja wa Waduruma akasimama darasani akasema: tumlipie, safari ingoje mwaka ujao. Watu wakanitazama. Nami nikasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno: "Fedha hizi ni za darasa. Tukimlipia mmoja, kesho watakuja kumi." Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilidhani hiyo ndiyo amana.

Watu wakaona nina haki. Tukaenda Gede. Tulivuka Likoni kwa feri, tukavuka Kilifi kwa feri, maana daraja la Kilifi lilikuwa bado, lilikuja kufunguliwa 1991. Ndani ya basi palibaki kiti kimoja kitupu, tukakitumia kuwekea sufuria ya pilau. Ya Gede siyakumbuki sana. Nakumbuka kile kiti.

Hakurudi Jumatatu ile, wala iliyofuata. Tulisikia amekwenda baharini na baba yake, kisha tukasikia yuko Shimoni, kisha hatukusikia. Wengine sita nao walitoka kwa sababu mbalimbali. Mwisho wa 1989 tukakaa kufanya mtihani wa kwanza wa KCSE tukiwa 31.

Na tulisomea nini? Tulisomea lile daftari. Lilipita kitanda kwa kitanda. Jalada likang'oka, likashonwa kwa uzi wa nyavu. Kurasa zilizokuwa tupu tukazijaza wenyewe mafunzo ya kidato cha nne, hati tano au sita tofauti, lakini ukifika mahali umekwama unarudi nyuma kutafuta wino mwekundu. Usiku wa kuamkia mtihani wa hesabu tulisoma Yasini msikitini, kisha tukarudi darasani tukalizunguka daftari kama watu wanaozunguka taa. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, hesabu ndilo somo tulilopita vizuri kuliko yote. Wawili wakapata nafasi ya chuo kikuu. Mwalimu mkuu akatupongeza.

MIAKA ILIYOFUATA

Haya mengine nitayapitia mbiombio. Baadhi yetu tukawa walimu, mmoja akaajiriwa posta, wawili wakavuka kwenda Maskati, kundi kubwa likateremka Diani hotelini. Agosti 1997 ghasia zilipozuka Likoni zikaenea Kwale, wageni waliacha kuja na wenzetu wa hotelini wakarudi kulima. Mwalimu wetu wa hesabu akaondoka mwezi huo huo. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye ndevu, walimsindikiza mpaka kwenye feri wamemweka katikati. Alifariki huko kwao miaka mingi baadaye, na tulipopata habari hakuna aliyejua tumtumie nani rambirambi.

Tulianza kukutana kila mwaka kwa sababu ya mazishi. Ikawa twaonana makaburini tu, mpaka mmoja akasema si vizuri. Tukaamua siku: Jumamosi moja baada ya Idi ya kuchinja, tusome hitima kwa wenzetu waliotangulia, wale Wakristo wakae nasi, kisha tule. Kila mtu atoe mchango wa shilingi 500. Mweka hazina wakanirudishia mimi, kwa mzaha, wakisema huyu hata umlilie hatoi.

Mzaha huo ulinichoma kuliko walivyojua.

Mwaka wa 2025 ulikuwa mwaka ambao sikuweza kunyamaza tena. Mgodi wa madini ya titani kule Nguluku na Maumba, uliokuwa ukisafirisha mali tangu 2014, ulikuwa umesimama mwisho wa 2024, na kila nilipokwenda sokoni nilisikia maneno niliyoyasikia 1988: yule aliyekuwa akiwauzia chakula wafanyakazi sasa auza kwa nani, na mtoto wake yuko kidato cha ngapi. Nikatoa daftari sandukuni. Nikauliza, nikaelekezwa.

Nilimkuta ufuoni, chini ya mkungu, akitia kalafati mashua. Ni fundi wa mashua sasa, watu humfuata kutoka Shimoni na Vanga, na wanasema hapimi mara mbili. Nywele zake zote nyeupe. Nikapiga hodi ingawa hapakuwa na mlango. Akaninyanyulia macho, akanitazama kitambo.

"Mweka hazina," akasema. "Karibu."

Tukasalimiana, tukaulizana wazazi, tukaombeana marehemu. Mkewe akatuletea chai ya tangawizi na mahamri. Nikaanza kusema niliyoyajia, nikijikwaa, maana hotuba niliyoitayarisha njia nzima kutoka Ukunda ilikuwa imenitoka. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu kabisa, huku akiendelea kusokota pamba ya kalafati mapajani:

"Zilikuwa 1,340. Deni langu 860. Zingebaki 480. Mngefika Fort Jesus mkarudi."

Sikuwa na la kujibu. Nani alimwambia hesabu ile sijui, wala sikumwuliza. Nikamwambia tunakutana Jumamosi ijayo, Msambweni, nyumbani kwangu, aje. Akatikisa kichwa. "Hayo ni ya kidato cha nne, bwana. Mimi nilitoka cha tatu." Nikamweleza kwamba darasa halikufanya mtihani bila yeye, kwamba lilifanya kwa daftari lake, nikamwekea daftari mbele yake juu ya ubao. Alilitazama lile jalada lililoshonwa kwa uzi wa nyavu. Hakulifungua. Akanirudishia, akasema mikono yake ina mafuta ya sifa.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa 22 tuliokuja. Sita walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa. Kabla ya watu kuondoka nikasimama nikawaeleza yote, ya 1988 na ya ufuoni. Palikuwa na maneno. Mmoja, ambaye ni mwalimu mkuu hivi sasa, akasema utaratibu ni utaratibu, chama ni cha waliohitimu 1989, na tukifungua mlango kwa mmoja itabidi tuwaite na wale sita. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ya miaka 36 nyuma. Yule Mduruma, ambaye hajabadilika ila tumbo, akajibu, "Basi tuwaite na wale sita." Tukabishana mpaka Alasiri. Tukakubaliana waitwe wote saba, na jina la chama libadilishwe liwe la walioingia 1986. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande, lakini yeye ndiye aliyejitolea kuwatafuta, na mpaka naandika haya amekwisha wapata watatu.

Lakini yeye mwenyewe, mwenye daftari, hakuja. Nilikaa na sinia lake la pilau lililofunikwa kawa mpaka Isha.

Jumatatu, baada ya Alasiri, vijana walipokuwa wakipakia viti vya kukodi kwenye mkokoteni, nikasikia hodi. Amevaa kanzu nyeupe na kofia ya mkono, mkononi ana mtungo wa changu. Akampa mke wangu samaki, akaketi barazani, akatoa noti ya shilingi 500 akaniwekea juu ya mkeka.

"Jumamosi imepita, ndugu yangu," nikamwambia.

"Nilikwambia Jumatatu."

Nikaingia ndani kuleta kitabu cha michango, na kwa kweli nilikaa huko kidogo kabla ya kutoka. Nilipotoka binti yangu alikuwa amerudi shuleni. Wakati huo alikuwa kidato cha pili, na logarithimu zilikuwa zimemkalia vibaya. Alikuwa ameshalitoa daftari bila kuniuliza, na yule bwana ameshavaa miwani, wameinama wote wawili, kidole chenye alama ya lami kikifuata wino mwekundu mstari kwa mstari. Hakusema kitu kuhusu hati yake. Alieleza tu, kwa sauti ile ile ya bwenini, kwa nini njia ya ubaoni ni ndefu.

Walikaa hapo mpaka mwanga ukapungua. Alipofika kwenye kurasa za mwisho, zile tulizozijaza sisi, akasimama, akazisogeza karibu na macho, akauliza ni nani huyu aliyekuwa akiandika saba kama moja, maana hesabu tatu zimeharibika kwa ajili yake.

Mimi nikanyamaza. Binti yangu akaninyooshea kidole.